Nani ameshika funguo za programu huria?

Januari 2026 wasanidi wa kiini cha Linux, yaani moyo wa mfumo endeshi wa Linux, waliongeza ukurasa mmoja kwenye nyaraka za mradi wao. Ukurasa huo unaeleza hatua zitakazochukuliwa siku ambayo hazina kuu ya msimbo, ambako Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ndiye huingiza mabadiliko ya mwisho, itakosa mtu wa kuiendesha. Habari ikaenea haraka, na wengi walioipokea waliisoma kwa namna moja: Linux imeandaa mrithi. Wapo walioanza kupima majina. Wapo walioona kwamba mradi uliokaa mikononi mwa mtu mmoja tangu 1991 hatimaye umekiri udhaifu wake. Usomaji wote huo umekosea, na kosa lenyewe lina historia ndefu katika harakati za programu huria, yaani programu ambazo kila mtu yuko huru kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa.

Ukurasa huo haumtaji mrithi yeyote. Unaanza na jambo ambalo watu wa nje hawalioni: kiini cha Linux kina watunzaji zaidi ya 100, kila mmoja na eneo lake na hazina yake ya msimbo, na mabadiliko hupanda ngazi kwa ngazi hadi kumfikia Torvalds, ambaye huyakusanya na kutoa toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10. Kisha unasema kwamba iwapo wanaosimamia hazina kuu watashindwa au watakataa kuendelea, na hawapo hata kusaidia makabidhiano, mwandaaji wa mkutano mkuu wa mwisho wa watunzaji atakuwa na saa 72 za kufungua mazungumzo na walioalikwa kwenye mkutano huo. Yeye asipopatikana, kazi inamwangukia mwenyekiti wa bodi ya ushauri wa kiufundi ya Linux Foundation, taasisi inayousaidia mradi huo. Ikiwa miezi 15 imepita bila mkutano, bodi hiyo ndiyo itakayopanga nani aalikwe. Ndani ya wiki mbili, tangazo kuhusu hatua inayofuata linapaswa kuwa limetoka. Basi. Hakuna jina, hakuna cheo kipya, hakuna kutawazwa. Ni utaratibu wa kuitisha kikao.

Ninachodai ni hiki: kwa takriban miaka 40 harakati hizi zimekuwa zikibishana juu ya watu, na zimeyapa mgongo maswali ya mamlaka yenyewe: yanakaa wapi, yameandikwa wapi, na yakitumiwa vibaya yanaondolewaje. Ukiuliza maswali hayo, unagundua kwamba kiongozi anayeimbwa kila mahali huenda ana mamlaka finyu kuliko unavyodhani, na mtu ambaye hakuna aliyewahi kusikia jina lake huenda ndiye aliyeshika mlango wa seva nyingi za dunia. Hofu yetu imeelekezwa kwa watu wasiostahili kuogopwa hivyo.

Tuanze na mzizi. Septemba 1983 Richard Stallman, aliyekuwa maabara ya akili mnemba ya chuo kikuu cha MIT, Marekani, alitangaza mpango wa kuandika mfumo endeshi mzima ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa. Akauita GNU. Mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation, taasisi ya kuutetea uhuru huo, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, inayomtaka anayegawa programu, hata akiwa ameibadili, awape wengine uhuru uleule, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi yake kubwa kuliko programu yoyote aliyoiandika. Agosti 1991 Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, akatangaza mfumo wake mdogo ambao alidai ni wa kujifurahisha tu. Mwaka uliofuata akauweka chini ya GPL. Tangu hapo watu wamezoea kuwataja wawili hawa kwa pumzi moja kama mababa wa jambo moja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa sababu wanafanya kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Stallman ni mhubiri. Nguvu yake inatokana na kusema jambo lilelile, kwa maneno yaleyale, miaka nenda miaka rudi, bila kulegeza kamba. Torvalds ni bawabu. Nguvu yake inatokana na kusimama mlangoni akiamua nini kiingie na nini kirudishwe.

Kazi ya bawabu inarithika. Hilo si nadharia. Septemba 2018 Torvalds alijiweka kando kwa muda, akiomba radhi kwa lugha kali aliyokuwa akiitumia dhidi ya wenzake, na toleo la 4.19 likakamilishwa na mtunzaji mwingine, Greg Kroah-Hartman. Dunia haikutikisika. Watumiaji wengi hawakujua kuwa kuna lililobadilika, na ukurasa mpya unaitaja nafasi hiyohiyo kama ushahidi kwamba wapo wengine wanaoiweza kazi hiyo. Mfano mwingine ni wa Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, aliyoianzisha mwenyewe Aprili 2005. Kufikia Julai mwaka huohuo alikuwa ameshamkabidhi Junio Hamano, na leo hakuna anayekosa usingizi akijiuliza Git itakuwaje bila Torvalds. Kazi ya mhubiri ni tofauti. Hairithiwi kwa kura wala kwa kikao cha saa 72, maana sauti ya mtu haiwezi kukabidhiwa mtu mwingine. Yanayoweza kubaki ni yale aliyoyaweka katika maandishi: tafsiri ya uhuru wenyewe, leseni, na taasisi ya kuvilinda.

Kushindwa kuzitenganisha kazi hizi mbili kuligeuza sakata la Stallman kuwa vita ya haiba. Septemba 2019, baada ya barua pepe alizoandika kuhusu kesi inayohusiana na Jeffrey Epstein kuzua ghadhabu, alijiuzulu MIT na pia urais na ujumbe wa bodi ya Free Software Foundation. Machi 2021 akatangaza kwamba amerudi kwenye bodi. Ikatoka barua ya wazi ya kutaka aondoke pamoja na bodi nzima, ikapata saini zaidi ya 3,000. Ikatoka na nyingine ya kumtetea, ikapata saini zaidi ya 6,000. Kampuni ya programu huria ya Red Hat ikasitisha ufadhili wake kwa taasisi hiyo. Kila upande ulikuwa na jambo la kweli mkononi. Wakosoaji walisema taasisi inayotaka kuwavuta watu haiwezi kuongozwa na mtu ambaye baadhi ya watu hao wanamkimbia. Watetezi walisema mtu asihukumiwe kwa maneno yaliyokatwa vipande na kusambazwa, na kwamba bila yeye kusingekuwa na cha kugombania. Lakini soma barua zote mbili na utaona zinavyofanana: zinamjadili mtu, nani amtoe na nani amrudishe.

Kilichokuwa kizito zaidi hakikupewa nafasi kiliyostahili. Programu nyingi sana, hasa za mradi wa GNU, zimetolewa kwa masharti ya GPL ya toleo fulani “au toleo lolote la baadaye”. Anayeandika toleo la baadaye ni Free Software Foundation. Toleo la tatu lilitoka Juni 2007 baada ya rasimu kujadiliwa hadharani kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mjadala huo ulikuwa mpana, lakini kalamu ya mwisho ilikuwa ya taasisi. Kwa hiyo bodi ndogo, ambayo haichaguliwi na watumiaji wala na walioandika programu hizo, ina uwezo wa kutoa toleo la nne kesho na kugusa masharti ya msimbo ulioandikwa na maelfu ya watu. Sisemi itautumia vibaya uwezo huo. Nasema kwamba hilo ndilo lililopaswa kuulizwa mwaka 2021: wajumbe wa bodi wanaingiaje, wanatokaje, na nini kinazuia leseni isigeuzwe na watu tusiowajua miaka 20 ijayo, wakati Stallman hayupo na watetezi wake wala wakosoaji wake hawapo? Bodi ilianza baadaye kuweka wazi zaidi jinsi wajumbe wake wanavyopatikana na kuhakikiwa, na hatua hiyo haikupata hata robo ya kelele zilizopata barua zile.

Sasa linganisha na Linux. Kiini chake kiko chini ya toleo la pili la GPL peke yake, bila ile nyongeza ya toleo la baadaye. Hakimiliki imebaki mikononi mwa walioandika, na wao ni maelfu kwa maelfu, pamoja na waajiri wao, na wengine wameshafariki. Ili kubadili leseni ya Linux ungelazimika kuwatafuta wote hao na kupata ridhaa yao. Torvalds hakulipenda toleo la tatu na alilisema hilo bila kificho, lakini hata kama angelipenda asingeweza kuihamishia Linux huko kwa amri. Mtu anayeitwa mfalme wa Linux hana uwezo juu ya sheria kuu ya milki yake. Alichonacho ni imani ya watunzaji kwamba maamuzi yake ya kiufundi yana busara, pamoja na alama ya biashara ya jina Linux iliyosajiliwa kwa jina lake. Imani ikiondoka, watunzaji wale zaidi ya 100 wanaweza kupeleka msimbo wao kwenye hazina nyingine wiki hiyohiyo.

Wanaotetea kuwepo kwa kiongozi mmoja mwenye sauti ya mwisho wana hoja ambayo haifai kubezwa. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na msimbo ni chombo kinachozama upesi kikivutwa huku na huku. Mapema mwaka 2025 ulizuka mgogoro mkali kuhusu kuingizwa kwa Rust, lugha nyingine ya kuandikia programu, katika kiini. Mtunzaji mmoja mkongwe alipinga hata msimbo ambao haukukaa ndani ya eneo lake, kwa hofu kwamba mradi wenye lugha mbili hautatunzika. Malumbano yalikwenda wiki baada ya wiki, baadhi ya watu wakaachia ngazi. Torvalds alipoingia, aliamua kwa aya chache: hakuna atakayelazimishwa kushughulika na Rust, lakini asiyetaka kushughulika nayo hana haki ya kuwazuia wengine. Desemba 2025, kwenye mkutano wa watunzaji huko Tokyo, ikakubaliwa kwamba Rust si jaribio tena. Kamati ingefikia hapo? Pengine. Ingefikia baada ya miaka, na kwa maelewano yaliyosukwa hadi kupoteza makali. Kiongozi mmoja pia ana faida isiyosemwa sana: anajulikana. Akikosea, kuna wa kumnyooshea kidole. Kosa la kamati hugawanywa mpaka hakuna anayelibeba.

Nakubali hoja hiyo hadi hapo, ila Python, lugha ya kuandikia programu, inaiwekea mpaka. Guido van Rossum aliiongoza lugha hiyo kwa cheo cha utani ambacho kilikuja kuwa cha kweli, Dikteta Mwema wa Maisha. Julai 2018, akiwa amechoshwa na ugomvi juu ya pendekezo namba 572 lililoongeza alama moja ndogo ya kupeana thamani, alitangaza kuwa anapumzika moja kwa moja na hatateua mrithi. Akawauliza wenzake watafanya nini sasa: demokrasia, udikteta, shirikisho, au kila mtu na lake? Hilo, kwangu, ndilo tendo kubwa la uongozi katika historia ya lugha hiyo. Angeteua mrithi, angekuwa ameacha kiti kilekile na mtu mdogo zaidi juu yake. Badala yake wasanidi waliweka mezani mapendekezo saba ya muundo, wakapiga kura Desemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 wakachagua baraza la watu watano, linalochaguliwa upya baada ya kila toleo kubwa, lenye sharti kwamba wasizidi wawili wanaolipwa na mwajiri mmoja. Baraza hilo halikuishia kusimamia mambo madogo. Mwaka 2023 lilikubali pendekezo namba 703, la kuifanya iwe hiari ile kufuli kuu inayozuia nyuzi kadhaa za Python, yaani mikondo ya kazi ndani ya programu moja, kufanya kazi kwa wakati mmoja, jambo lililoshindikana katika miaka yote ya dikteta mwema. Basi hoja kwamba kamati haiwezi kuthubutu haiwezi kusimama hivihivi.

Wala kamati si dawa. Debian, mgawanyo wa Linux (yaani mfumo kamili uliofungashwa tayari kwa kutumiwa), ina katiba tangu 1998 na humchagua kiongozi wake kila mwaka kwa kura ya wanachama, na bado mwaka 2019 muda wa kugombea uliisha bila hata mtu mmoja kujitokeza. Ikabidi muda uongezwe kwa wiki moja ndipo wagombea wapatikane. Waliocheka walikosa kuona uzuri wa tukio lile. Katiba ilikuwa imeshasema nini kifanyike kiti kikiwa kitupu: katibu wa mradi na mwenyekiti wa kamati ya kiufundi wanaweza kwa pamoja kuamua yasiyoweza kusubiri. Vifurushi vya programu viliendelea kutoka. Mwanzilishi wake, Ian Murdock, alikuwa ameuacha uongozi miaka mingi kabla ya kufariki mwaka 2015, na kifo chake kiliwahuzunisha watu bila kuutikisa mradi. Rust kwa upande wake ilikuwa na timu na kamati za kila aina, na Novemba 2021 timu yake nzima ya usuluhishi ilijiuzulu ikisema timu kuu haiwajibiki kwa yeyote. Mwaka 2023 ndipo baraza jipya likaundwa. Miradi hii miwili haikuwa na dikteta. Mmoja ulikuwa umeandika mipaka ya mamlaka mapema, mwingine ukaiandika baada ya kuungua.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayotajwa mara nyingi kuliko zote: kwamba suala la uongozi katika programu huria halina uzito, kwa kuwa asiyeridhika anaweza kunakili msimbo wote na kuanzisha mradi wake. Kisheria ni kweli, na ndiyo haki inayowatofautisha viongozi hawa na watawala wa kawaida. Ila msimbo ni sehemu moja tu ya mradi. Sehemu nyingine ni jina watu wanalolijua, anwani ya tovuti ambako kompyuta zao huvuta masasisho, funguo za kutia saini matoleo, na seva zinazohifadhi kila kitu. Haki ya kunakili haikupi hata kimoja kati ya hivyo. WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani na msimbo wake uko chini ya GPL. Septemba 2024 Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wake, aliingia katika ugomvi na WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za WordPress, kuhusu alama ya biashara na mchango wa kampuni hiyo kwa mradi, kisha akaifungia isipate huduma za WordPress.org. Watumiaji wengi waliikuta hapo kwa mara ya kwanza habari kwamba tovuti hiyo, ambako mamilioni ya tovuti nyingine huchukua masasisho na programu-jalizi (vipande vya kuongezea uwezo), ni mali yake binafsi na haiko chini ya taasisi ya hisani yenye jina la WordPress. Mwezi uliofuata programu-jalizi mashuhuri ya WP Engine ilichukuliwa ndani ya tovuti hiyo na kupewa jina jipya. Desemba 2024 mahakama ya shirikisho huko California iliamuru huduma zirudishwe wakati kesi ikiendelea. Kila mstari wa msimbo ulikuwa huru kunakiliwa muda wote huo, na uhuru huo haukumsaidia mwenye tovuti ambaye masasisho yake yalikatika asubuhi ile.

Kujitenga hufanikiwa, lakini pale tu wanaoondoka ni wengi na wanaondoka na kazi yenyewe. Mwaka 1997 wasanidi waliochoshwa na kasi ndogo ya maendeleo ya GCC, programu ya GNU inayogeuza msimbo kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha, walianzisha mradi sambamba ulioitwa EGCS. Kufikia 1999 huo ndio uliofanywa GCC rasmi. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya waliokuwa wakiitengeneza OpenOffice.org, programu za kazi za ofisini, waliondoka, wakaunda taasisi yao na LibreOffice, na mgawanyo mmoja baada ya mwingine wa Linux ukawafuata. Katika visa vyote viwili ilibidi watu wawe na nguvu ya pamoja kabla ya haki ya kunakili kuwa na maana. Mtumiaji mmoja, au kampuni ndogo, au idara ya serikali inayotegemea programu fulani, haina nguvu hiyo. Kuiambia kwamba “unaweza kunakili” ni kuikimbia hoja yake.

Nimesema hofu yetu imeelekezwa kusikostahili. Ushahidi mkubwa ni wa Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na msanidi wa mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya XZ Utils, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mgawanyo wa Linux. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na hadi leo haijathibitishwa hadharani yeye ni nani. Alikuwa amejenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili, akituma marekebisho mazuri kwa mradi uliokuwa na mtunzaji mmoja tu anayejitolea, huku akaunti nyingine zisizo na historia zikimshinikiza mtunzaji huyo kwamba anachelewa na aongeze msaidizi. Akaongeza. Funguo zikapata mwenye mkono wa pili bila kikao, bila kanuni, bila mtu wa tatu wa kuuliza. Hapakuwa na kiongozi mashuhuri wa kulaumiwa wala wa kutetewa. Palikuwa na mamlaka makubwa kabisa yaliyokaa mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama, kwa sababu hapakuwa na jina.

Linganisha na Vim, programu ya kuhariri maandishi. Bram Moolenaar aliiongoza tangu 1991 hadi alipofariki Agosti 2023. Wachangiaji wa muda mrefu, wakiongozwa na Christian Brabandt, walishika usukani, na Januari 2024 toleo la 9.1 likatoka, likiwa limetolewa kwa kumbukumbu yake. Warithi walipatikana kwa sababu walikuwa wameshakuwemo ndani kwa miaka, na kazi zao zilikuwa zikionekana na kila mtu. Jia Tan naye alikuwemo ndani na kazi zake zilionekana, na hapo ndipo penye ugumu: kuwemo ndani hakutoshi pasipo watu wengine wa kutosha kumpima anayeingia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watetezi wa viongozi wakubwa wanalijua na wapinzani wao hupenda kuliruka. Mhubiri au bawabu akiondoka, nafasi yake haibaki wazi. Sehemu kubwa ya kazi kwenye kiini cha Linux leo hufanywa na watu wanaolipwa na kampuni, na Linux Foundation inaendeshwa kwa michango ya kampuni hizohizo. Torvalds analipwa na taasisi hiyo, lakini jina lake ni kubwa kiasi kwamba hakuna kampuni inayoweza kumwamrisha, na hilo limekuwa ukuta kwa zaidi ya miongo miwili. Siku akiondoka, walioalikwa kwenye mkutano wa mwisho ndio watakaokaa kuamua, na wengi wao wana mwajiri. Hapa ndipo ningeukosoa ukurasa wa Januari, kama ningeulizwa. Hauna sharti kama lile la Python la wasizidi wawili wa mwajiri mmoja, wala haumtaji mtumiaji mahali popote. Kwa kampuni zenye watunzaji wengi, ukimya huo ni zawadi. Si lazima waipokee, na watunzaji wa Linux wana desturi ya kujali jina lao kuliko la mwajiri, lakini desturi ni ulinzi wa watu waliopo sasa, na ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wakati ambapo watu wamebadilika.

Sheria nazo zinakuja, na zenyewe hazina habari na haiba. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya usalama wa bidhaa za kidijitali, ambayo masharti yake makuu yataanza kutumika Desemba 2027. Sheria hiyo imeunda aina mpya ya mhusika: taasisi inayosimamia programu huria kwa mfululizo bila kuiuza, ambayo itatakiwa kuwa na sera ya usalama na kushirikiana na mamlaka, ingawa haitapigwa faini. Mtu binafsi anayechangia kwa kujitolea hajabebeshwa mzigo huo, na hilo ni jema. Lakini mtengenezaji anayeuza kifaa Ulaya atawajibika kwa kila kipande cha programu alichokiweka ndani, kiwe cha taasisi au cha mtu mmoja. Atataka kujua nani anatoa masasisho, nani anatia saini, na mtu huyo akiugua kazi inakwenda kwa nani. Debian, Python na sasa Linux zina karatasi ya kumwonyesha. Miradi midogo isiyo na karatasi hiyo itapewa machaguo mawili, kuingia chini ya mwavuli wa taasisi kubwa au kuondolewa kwenye bidhaa, na mwavuli wa bei nafuu zaidi utakuwa ule unaolipiwa na kampuni zenye haraka kuliko wote.